Mrabaha: Neno Moja, Warithi wa Namna Mbili

Hapa Ibaba, katika milima ya Undali wilayani Ileje, mwalimu mstaafu huitwa kwenye vikao vya ukoo ili asome karatasi na kufafanua maneno. Mwaka jana niliitwa katika kikao cha kumaliza matanga. Marehemu aliacha shamba, na wilaya yetu ina makaa ya mawe. Mmoja wa vijana alikuwa amesikia kwamba huko Marekani watu hurithi mrabaha wa mafuta na gesi, naye akaitaka kona yenye mawe meusi kando ya kijito. Nduguze wakakataa. Mjane akanigeukia: "Mwalimu, huo mrabaha wa chini ya shamba la baba yao nao hugawiwa?"

Swali lile lilinirudisha kwenye historia ya neno lenyewe. Mrabaha limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya faida. Murabaha ni uuzaji ambao muuzaji humtajia mnunuzi bei aliyonunulia na faida anayoiongeza. Wengi hulidhani kuwa ndugu wa riba kwa kuwa sauti zinakaribiana, lakini riba ina mzizi mwingine, wenye maana ya kuzidi. Kiswahili kililipokea neno la wafanyabiashara kikalihamisha: mrabaha sasa ni sehemu ya mapato anayolipwa mwenye mali na yule anayeitumia mali hiyo. Washairi mnalijua vema, maana ndilo fungu la mwandishi kitabu chake kinapouzwa. Basi kila mrabaha una mmiliki nyuma yake.

Katika majimbo ya Marekani kama Texas, mtu binafsi aweza kumiliki hata kilichomo chini ya ardhi. Aweza kuuza shamba na kubaki na vya chini. Ndiyo maana warithi wa huko hulazimika kutofautisha maneno. Haki ya madini ni umiliki wa vilivyo chini, pamoja na uwezo wa kuvikodisha kwa kampuni. Hisa ya mrabaha ni fungu la mapato lisilobeba gharama ya kuchimba. Hisa ya mwendeshaji hubeba gharama hizo. Upo pia mrabaha unaokatwa kutoka katika hisa ya mwendeshaji, nao hufa pamoja na mkataba wake. Fungu la kimapokeo la mwenye ardhi lilikuwa moja ya nane. Akifa, wanawe hugawana hiyo moja ya nane, kisha wajukuu, hata vipande vikawa vidogo mno.

Kwetu historia ilipita njia nyingine. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923, wakati wa Waingereza, iliifanya ardhi kuwa ya umma. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimeshikilia msingi huo: Rais ni mdhamini, mwananchi ana haki ya kuitumia. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inasema mafuta na gesi ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na sheria ya madini ya mwaka 2010 inaendelea vivyo hivyo kwa makaa ya mawe. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Mwenye shamba hakuwa na mrabaha wa kumwachia mwanawe. Halmashauri ya Kilwa hupata ushuru wa huduma. Ushuru, kwa asili yake ya Kiarabu, ni sehemu ya kumi, ingawa huu ni mdogo kuliko hiyo. Mwenye shamba linalochukuliwa hupata fidia.

Mrabaha wa petroli ya nchi kavu umewekwa kuwa asilimia 12.5. Hiyo ni moja ya nane, yaani thumuni, neno ambalo wazee wetu waliitia senti hamsini. Ndilo pia fungu la mjane mwenye watoto katika mirathi ya Kiislamu. Hesabu ni ile ile, mpokeaji ndiye mwingine.

Sasa mtazameni mshairi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa kipimo hicho, muda huo ulifika hadi mwaka 2012. Mtoto wa mshairi hurithi mrabaha kwa kuwa shairi lilitoka kichwani mwa mzazi wake. Mtoto wa mkulima haurithi, kwa kuwa makaa hayakupandwa na mzazi wake. Neno ni moja, mlango wa urithi si mmoja.

Nilimjibu mjane hivi: "Mama, kinachogawiwa ni shamba na haki ya kulitumia. Mrabaha wa chini ni wa taifa zima. Siku mradi ukija, neno lako ni fidia: ya ardhi, ya mazao, ya nyumba. Dai hilo, wala usikubali mtu akununulie shamba kwa ahadi ya mrabaha."

Kijana alinyamaza. Shamba likagawiwa kwa kutazama udongo unaostawisha mahindi na maharage, na kona ya mawe meusi ikakosa mgombea. Ndugu wasomaji, je, kwenu neno mrabaha lina maana gani vinywani mwa wazee?