Mwamba wa Fischer

Apandaye baiskeli kutoka ukingo wa Ziwa Naivasha, akaingia Hifadhi ya Hell's Gate kwa lango la Elsa, hukutana mapema na mwamba usimamao peke yake kama mnara. Una jina la Gustav Fischer, tabibu wa Kijerumani aliyeishi Unguja, kisha akaondoka Pangani mwishoni mwa 1882 na wapagazi wa pwani. Alifika Naivasha mwaka 1883; Wamasai wakamzuia, akarudi. Ajabu ya ramani ni hiyo: aliyezuiwa ndiye aliyepewa mwamba.

Waliomzuia hawakuachwa. Kwa mkataba wa 1904 Waingereza waliwaondoa Wamasai katika Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini, na malisho ya Naivasha yakawa ya walowezi. Olkaria na Ol Njorowa, majina ya Kimaa, yalibaki mahali pake.

Hifadhi yenyewe, kilomita za mraba 68, ilitangazwa mwaka 1984. Ni katika hifadhi chache za Kenya ambamo mgeni huruhusiwa kupita kwa baiskeli kati ya pundamilia na ngiri, na hata nyati, ambao si wa kufanyiwa mzaha. Vumbi la volkano hukamata magurudumu, na miinuko ya Olkaria humshusha mpandaji akaisukuma baiskeli yake. Huko juu hukuta mabomba ya mvuke wa ardhini, uzalishao umeme tangu 1981. Mwaka 2014, kwa ajili ya mtambo mpya, familia za Kimasai zilihamishwa tena.