Bibi Mweupe na Mtu wa Kolo

Ukitoka Babati kwa barabara ya Dodoma, kabla ya Kondoa mjini utapita Kolo. Katika vilima vyake imo michoro ya miambani ambayo mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia. Sisi majirani zake tutaisimulia kwa maneno ya nani?

Swali hilo lina historia. Padri Mfaransa Henri Breuil aliandika mengi juu ya sanaa ya mapangoni, na kitabu chake kikubwa kiliwafikia wasomaji wa Kiingereza mwaka 1952 kwa tafsiri ya Mary Boyle. Miongoni mwa michoro ya mlima Brandberg, Namibia, Breuil alivutiwa na umbo moja lenye weupe mwilini, akalipa jina la kike: dame kwa Kifaransa, lady kwa Kiingereza. Alidhani ni mgeni kutoka pande za Mediterania. Watafiti wa baadaye, walipotazama upya, walimwona mwanamume, tena Mwafrika. Tafsiri haikukosea neno. Ilivusha dhana iliyokwisha kuvikwa vazi la jina.

Turudi Kolo. Mary Leakey, ambaye utotoni aliyaona mapango ya Ufaransa, alinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951. Kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Katika mchoro mmoja wa rangi nyekundu, mtu wa katikati ameshikwa na watu wa kulia na wa kushoto. Leakey aliona mwanamke anayetekwa. Wengine wameona ngoma ya uganga.

Hapa Kiswahili kina neema. Neno mtu halitaji jinsia, wala kiambishi a- hakisemi mume au mke. Lakini kina deni pia: kuchora ni kupaka rangi, na kuchora ni kukata mwamba, Kifaransa hutenganisha mambo hayo mawili. Hata kitenzi kinataka tahadhari: ameshikwa ni jambo la jicho, ametekwa ni hukumu, na ukisema ameshikwa na wenzake, umekwisha kuamua kwamba si adui.

Basi, ndugu malenga, anayefasiri maelezo ya mchoro na auendee mchoro wenyewe kwanza. Aandike rangi, mikono na vichwa. Dhana ije baadaye, ikitajwa mwenyewe. La sivyo, wajukuu zetu watasimama Kolo wakitazama Bibi Mweupe mwingine.