Warusi na Waswidi, Majirani wa Bahari Moja

Tukitazama ramani ya Ulaya, upande wa kaskazini tunaona bahari iitwayo Baltiki. Magharibi yake wanakaa Waswidi, mashariki Warusi. Watu hao wanajuana kwa zaidi ya miaka elfu. Hata jina la Warusi, wataalamu wengi wasema, lilitoka kwa mabaharia wa Uswidi waliopanda mito ya mashariki kwa biashara na unyang'anyi. Basi, mbona majirani wa kale namna hiyo walipigana mara nyingi hivyo?

Sababu kubwa ni bahari yenyewe. Kwa mapatano ya Stolbovo, mwaka 1617, Waswidi waliwafungia Warusi njia ya kufika Baltiki. Nchi ile kubwa ikabaki kama nyumba isiyo na mlango upande huo. Mfalme Petro wa Urusi aliutaka mlango, na mwaka 1700 akaanza vita.

Karl XII, mfalme wa Uswidi, alikuwa kijana wa miaka 18, na adui zake walimdharau. Lakini huko Narva, mwaka ule ule, askari wake wapata 10,000 waliwashinda Warusi zaidi ya 30,000. Tuangalie sasa yaliyofuata. Mshindi alidhani Warusi wamekwisha, akawaacha, akaenda kupigana Poland miaka mingi. Mshindwa alirudi kwake kujifunza. Petro aliyeyusha kengele za makanisa apate mizinga, akafundisha askari upya, na mwaka 1703 akaanza kujenga mji wa Petersburg penye matope ya mto Neva.

Karl alipoingia Urusi mwaka 1708, Warusi walirudi nyuma wakichoma vyakula. Kisha baridi kali ikaua maelfu ya watu wake. Mwaka 1709, huko Poltava katika Ukraine, jeshi lake likavunjika. Mwenyewe, mguu umejeruhiwa, akakimbilia kwa Waturuki. Inasimuliwa kwamba siku ile Petro aliwaketisha mezani pake majemadari wa Uswidi waliotekwa, akanywa kwa heshima yao, akiwaita walimu wake.

Mapatano ya Nystad, mwaka 1721, yaliwapa Warusi pwani. Mwaka 1809 Uswidi ikanyang'anywa Finland pia, karibu theluthi ya nchi. Hapo ikawa zamu ya Waswidi kujifunza. Waliacha kutafuta kisasi, na tangu mwaka 1814 nchi yao haikupigana tena na jirani yeyote.

Sisi wa Kongo twamkumbuka Mswidi mmoja, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1960, kwa ajili ya mambo ya Kongo, Khrushchev, mkuu wa Urusi ya Kisovieti, alimtaka aache kazi yake. Alikataa, akaendelea. Mwaka 1961 alikufa karibu na Ndola, safarini kutafuta amani ya Katanga.

Lakini hofu ya zamani haikufa. Baada ya Warusi kuivamia Ukraine yote mwaka 2022, Waswidi waliomba ulinzi wa wenzao, na mwaka 2024 wakaingia NATO. Hivyo twaona: kushindwa kwaweza kumfundisha mtu vita, kama Petro, au amani, kama Waswidi. Lakini amani ya majirani yataka wawili. Mmoja peke yake hawezi kuilinda.