Mfahamu Nandan Nilekani, injinia aliyewapa Wahindi namba

Nandan Nilekani, mzaliwa wa Bengaluru mwaka 1955, ni injinia wa umeme na mmoja wa waanzilishi 7 wa Infosys. Mwaka 1999 aliongoza kikosi kazi cha kuboresha huduma za jiji lake.

Mwaka 2009 aliacha kampuni, akaingia serikalini kusimamia Aadhaar, namba ya tarakimu 12 inayotambua mtu kwa alama za vidole na macho. Ilianza kutolewa Septemba 2010 kijijini Tembhli, Maharashtra. Mwaka 2014 aligombea ubunge, akabwagwa.

Leo zaidi ya watu bilioni 1 wanayo, na maskini asiye na vyeti anafungua akaunti kwa kidole tu. Ila kibarua ambaye vidole vimesagika kwa kazi, mashine ikigoma, mgao wake wa chakula unaweza kukwama.