Arthur Mitchell: Kutoka Alama hadi Utunzi katika Baleti ya Marekani

Historia ya baleti nchini Marekani imezoea kumtaja Arthur Mitchell kama mtu wa kwanza: Mmarekani mweusi wa kwanza kufikia daraja la mcheza densi mkuu katika New York City Ballet. Sifa hiyo ni ya kweli ila haitoshelezi, kwani humpima msanii kwa nafasi aliyopewa. Swali ambalo uhakiki hauna budi kuliuliza ni hili: mwili mweusi ulipofika jukwaani, ulisema maneno ya nani?

Mitchell alizaliwa Harlem, jijini New York, mwaka wa 1934, katika familia ya kimaskini. Baada ya shule ya upili ya sanaa za maonyesho alipata ufadhili katika School of American Ballet, na mwaka wa 1955 akajiunga na kundi la New York City Ballet, lililoongozwa na George Balanchine. Baleti ya wakati huo ilikuwa na kaida kwamba safu ya wachezaji sharti ifanane, na kufanana huko kulimaanisha weupe. Janet Collins, aliyemtangulia Mitchell, aliwahi kuelezwa na Ballet Russe de Monte Carlo kwamba angekubaliwa iwapo angepakwa rangi nyeupe usoni. Alikataa.

Mnamo 1957 Balanchine alitunga Agon kwa muziki wa Stravinsky. Jina hilo ni neno la Kiyunani lenye maana ya shindano. Kiini cha kazi hiyo ni densi ya wawili, aliyoicheza Mitchell pamoja na Diana Adams, mwanamke mzungu. Mwaka huohuo, huko Little Rock, wanajeshi walilazimika kuwasindikiza wanafunzi weusi 9 kuingia shuleni. Katika mazingira hayo, mkono mweusi juu ya mkono mweupe haukuwa mwondoko mtupu. Mitchell mwenyewe alieleza baadaye kwamba Balanchine alikusudia tofauti ya rangi iwe sehemu ya utunzi. Televisheni ya kibiashara ya Marekani haikuthubutu kuionyesha densi hiyo hadi 1968.

Hapa ndipo penye utata. Agon ilivunja mwiko. Lakini ndani yake weusi wa Mitchell ulikuwa alama katika matini ya mtunzi mwingine, alama iliyopata maana kwa kusimama kando ya weupe. Bila kinyume chake, ilionekana kana kwamba haina la kusema. Kupandishwa kwake daraja mnamo 1962 hakukubadili hali hiyo, kwani miaka ilipita naye akiwa karibu peke yake.

Kuuawa kwa Martin Luther King mnamo Aprili 1968 ndiko kulikomgeuza. Alirudi Harlem kuwafunza watoto katika gereji, na mwaka wa 1969 akaanzisha Dance Theatre of Harlem pamoja na mwalimu wake wa zamani, Karel Shook. Kundi hilo nalo liliicheza Agon. Wachezaji wote wakiwa weusi, tofauti ya rangi ilitoweka, na densi ikabaki na nguvu zake. Ikadhihirika kwamba weupe haukuwa sehemu ya fani, bali mazoea yaliyojificha nyuma ya fani. Hata mavazi yalisomwa upya: badala ya soksi ndefu na viatu vya waridi vilivyoiga ngozi ya mzungu, wachezaji walivaa vilivyotiwa rangi ya ngozi zao wenyewe.

Mwaka wa 1984 kundi lilionyesha Giselle, baleti ya Paris ya 1841, likiihamishia Louisiana, miongoni mwa watu weusi huru ambao hadhi yao ilipimwa kwa umbali wa familia na utumwa. Miondoko ya kimapokeo ilihifadhiwa. Kilichogeuka ni historia iliyobebwa na miondoko hiyo.

Wapo wanaoweza kudai kwamba Mitchell alibaki mateka wa fani ya Ulaya. Hoja hiyo ina uzito, maana hakubuni msamiati mpya wa densi. Hata hivyo, inachukulia kwamba fani ni mali ya waliotangulia kuitumia, na hilo ndilo dai lililowafungia nje akina Collins. Kwa mtazamo huo, wanaomlaumu Mitchell na waliowazuia wenzake wanakutana bila kujua.

Urithi huo haukuwa salama daima. Madeni yalilisimamisha kundi mnamo 2004, na halikurejea jukwaani kikamilifu hadi 2012. Mitchell alifariki mwaka wa 2018. Inafaa akumbukwe kwa kumtoa mchezaji mweusi katika upweke wa aliye wa kwanza, zaidi ya kwamba yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza.