Parokia katika Mji wa Wapita Njia

Mji wa Nairobi haukuzaliwa kama ilivyozaliwa miji ya pwani. Lamu na Mombasa zilikuwa na karne nyingi za kujitawala na kufanya biashara. Bali Nairobi, reli ilipofika hapo mwezi wa Mei 1899, palikuwa ni uwanda wa majimaji ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe wao. Yaliyoota kwanza ni mahema, vibanda vya mabati na karakana za reli. Karibu watu wote walikuwa wageni: Mhindi fundi, Mzungu mtafuta ardhi, Mgoa mwandishi wa ofisini, na Mwafrika aliyekuja kuuza nguvu za mikono yake. Mji wa namna hiyo, ambao kila mtu alihesabu siku za kurudi kwao, wawezaje kuwa na parokia? Maana parokia si jengo tu. Ni watu wakaao pamoja, wakashuhudiana ubatizo wa watoto, wakafungishana ndoa na kuzikana.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao wengi wao walikuwa Wafaransa, walikuwa wamefika Unguja mwaka 1863 na kuvuka bahari kwenda Bagamoyo mwaka 1868. Nairobi waliingia mwaka ule ule wa garimoshi, 1899. Lakini hawakutua penye stesheni na kelele zake. Walikwenda upande wa magharibi, penye vilima na udongo mwekundu, wakaanzisha misheni ya Mtakatifu Austin, katika mtaa uitwao leo Lavington. Hapo walifundisha dini, na hapo walipanda kahawa. Kahawa ile ilisitawi hata jina la Misheni ya Kifaransa likawa jina la aina ya mbegu, na wataalamu wa zao hilo walijua mpaka leo. Jambo hili lina uchungu wake pia, wala historia isilifiche: kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwakataza Waafrika wa nchi hiyo kupanda kahawa yao wenyewe. Kijana aliyejifunza kupalilia na kuchuma katika shamba la misheni alirudi kwao jioni, penye ardhi ile ile, asiweze kupanda hata mche mmoja.

Mapadre hao walikuja pia na Kiswahili walichojifunza pwani. Mmoja wa shirika lao, Charles Sacleux, alitunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa mwaka 1939. Lakini Misa yenyewe ilisemwa kwa Kilatini, padre akielekea altare na kuwapa watu mgongo. Waumini walifuata kwa magoti na kwa rozari; walijua wakati wa kengele, ingawa hawakujua maneno.

Mji ulipokua, Wakatoliki wakapata kanisa katikati yake pia. Na hapo ndipo ugonjwa wa mji ulipoingia hekaluni. Nairobi ya kikoloni iligawanywa kwa rangi: mitaa ya Wazungu, mitaa ya Waasia, na makao ya Waafrika. Makanisa yakafuata ramani hiyo hiyo. Kanisa la Familia Takatifu mjini lilikuwa hasa la Wazungu na Wagoa. Kule Parklands, Wagoa walisali chini ya jina la Fransisko Ksaveri, yule mtakatifu ambaye mwili wake umelala Goa. Na Waafrika walijengewa kanisa la Petro Klaver, upande wa Barabara ya Racecourse, karibu na makao ya wafanyakazi. Petro Klaver alikuwa padre Mhispania wa karne ya 17 aliyewahudumia watumwa kutoka Afrika katika bandari ya Cartagena. Sijui kama waliochagua jina hilo waliwaza jinsi litakavyosikika masikioni mwa mtu aliyetembea mjini na kipande shingoni.

Hata hivyo, tusipime jambo hili kwa kipimo kimoja. Katika daftari za serikali mfanyakazi yule alikuwa namba, mtu wa muda, asiyetazamiwa kuzeekea Nairobi. Katika daftari la ubatizo aliandikwa jina lake, jina la baba yake na la mama yake, na mdhamini aliyesimama naye. Mluo alimsimamia Mkamba. Mkikuyu alizikwa na Waluhya. Mji ulimwita mpita njia. Parokia, pamoja na makosa yake, ilimwandika kuwa mwenyeji.

Kisha ukaja mwaka 1963. Kanisa jipya la Familia Takatifu, lililochorwa na Dorothy Hughes, lilikamilika mwaka huo karibu na Jumba la Jiji. Tarehe 4 Desemba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati juu ya liturujia, ambayo ilifungua mlango kwa lugha za watu ibadani. Siku nane baadaye, tarehe 12 Desemba, Kenya ilipata uhuru. Hapana aliyepanga tarehe hizo zifuatane hivyo, lakini kwa Mkatoliki wa Nairobi mambo hayo mawili yalikuja kama mvua mbili za msimu mmoja. Baada ya muda mfupi Misa ilisikika kwa Kiswahili, na ngoma na kayamba, vilivyokuwa vimeachwa nje ya mlango, vikaingia ndani. Mwaka 1971 Maurice Otunga alipokea uaskofu mkuu wa Nairobi kutoka kwa John Joseph McCarthy wa Ireland, na mwaka 1973 akawa Kardinali wa kwanza wa Kenya.

Lakini mji ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa kupita kanisa lolote. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki waliazimia kwamba msingi wa parokia uwe jumuiya ndogo ndogo. Majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili ya Jumapili ijayo na kuitafakari, kila mtu akieleza ilivyomgusa. Kisha huulizana nani mgonjwa, nani amefiwa, nani amekosa kodi ya nyumba. Mwenye viti viwili huazima vingine kwa jirani. Desturi hiyo ilishika mizizi sana katika mitaa ya magharibi kama Kawangware na Kangemi, ambako nyumba za mabati zimebanana na wapangaji huhamahama.

Papa Fransisko alipozuru Nairobi, asubuhi ya tarehe 27 Novemba 2015, alikwenda Kangemi, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi inayoongozwa na Wajesuiti, ndugu zake wa shirika. Alizungumza juu ya maji, makao, na ardhi inayonyakuliwa na wenye nguvu. Alasiri akaondoka kwenda Uganda. Watu wa Kangemi wakarudi kwenye vyumba vyao vya kupanga, vilivyo mwendo mfupi tu kutoka vilima vile palipopandwa kahawa ya misheni.