Utambuzi wa mbari za sungura waliokonda

Utambuzi wa mbari za sungura hufanywa kwa kutazama umbo, masikio, manyoya, rangi na uzito. Kazi hiyo huwa ngumu kwa sungura aliyenunuliwa bila kumbukumbu za wazazi, hasa akiwa amekonda, kwa kuwa njaa hupunguza nyama na kuharibu manyoya lakini haibadili mifupa iliyokwisha kukomaa. Sungura wote wa kufugwa ni wa spishi moja, Oryctolagus cuniculus, yenye asili yake katika rasi ya Iberia. Hawazaliani na sungura pori wa jenasi Lepus wanaopatikana Afrika.

Uzito na hali ya mwili

Viwango vya maonyesho hutegemea sana uzito, lakini vimewekwa kwa sungura mzima mwenye afya. Kwa viwango vya Marekani, dume la mbari kubwa ya Flemish Giant hutakiwa kufikia angalau kilo 5.9. Akikonda hadi kilo 4.5, mizani itamweka sawa na New Zealand White aliyenenepa vizuri. Ndiyo maana mkono hutangulia mizani: vidole hupitishwa juu ya uti wa mgongo, mbavu na nyonga. Pingili zikichoma kama ncha, hali ya mwili ni daraja la 1 au la 2 kati ya 5; zikihisika kwa mviringo chini ya nyama, ni daraja la 3, linalofaa. Umri nao huzingatiwa, kwani mbari kubwa huendelea kukua hadi karibu mwaka mmoja au zaidi.

Masikio na kichwa

Urefu wa masikio, upana wa fuvu na urefu wa miguu ya nyuma ni vielelezo vya kuaminika kwa sungura mzima. Masikio marefu na mifupa minene huelekeza kwenye mbari kubwa. Masikio yanayoning'inia huelekeza kwenye kundi la lop.

Manyoya na rangi

Manyoya ya sungura mwenye njaa hufifia, na yale meupe hugeuka manjano kwa mkojo, hivyo hukaguliwa mabegani penye usafi. Manyoya ya Chinchilla yakipulizwa hufunguka na kuonyesha mikanda: bluu ya kijivu shinani, weupe katikati, weusi nchani. Rex ana manyoya mafupi kama mahameli. Angora hutambulika kwa sufu ndefu.

New Zealand White na Californian

Mbari hizi mbili za nyama ndizo muhimu zaidi kwa wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania. New Zealand White, licha ya jina lake, iliendelezwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Ni mweupe mwenye macho mekundu, mgongo mpana na uzito wa kilo 4 hadi 5.4. Hata hivyo, weupe wenye macho mekundu peke yake hauthibitishi mbari, kwa sababu jeni yake hufichika na huweza kuibuka kwa chotara yeyote.

Californian ilianzishwa na George West katika jimbo la California mwaka 1923, kwa kuchanganya Himalayan, Chinchilla na New Zealand White. Pua, masikio, miguu na mkia ni vyeusi. Weusi huo hutegemea joto la ngozi: hukolea kwenye baridi na hupauka kwenye joto, kwa hiyo alama hafifu kwa sungura wa pwani si ushahidi kwamba ni chotara.

Mbari nyingine

Dutch ni mdogo, hazidi kilo 2.5, na ana mkanda mweupe mabegani. Checkered Giant ana doa lenye umbo la kipepeo puani na mstari mgongoni.

Uangalizi kabla ya uamuzi

Sungura mgeni hutengwa na wenzake kwanza. Kukonda mara nyingi husababishwa na koksidia, minyoo, upele wa masikio au meno yaliyokua kupita kiasi, kwa kuwa meno ya sungura hayaachi kukua. Nyasi kavu na maji safi hutolewa muda wote, na pelleti huongezwa kidogo kidogo, maana mabadiliko ya ghafla huleta kuhara kunakoua. Hupimwa kila wiki, na uzito hutumika kutambua mbari baada tu ya mwili kurudi daraja la 3. Sungura asiye na kumbukumbu za wazazi huandikwa kuwa chotara, pamoja na jina la mbari anayofanana nayo zaidi.